Mbona Yule Hakukabwa?

Anayeanza kuangalia futiboli ya Marekani huliuliza swali hili siku ya kwanza, na aliyezoea hulirudia miaka nenda miaka rudi. Timu imefika karibu kabisa na goli. Walinzi kumi na mmoja wamejazana mahali padogo, wanatazamana na wapinzani kwa umbali wa kuhesabiana meno. Mpira unaanzishwa, inatokea purukushani ya sekunde mbili tatu, kisha unarushwa pembeni, na kule unakokwenda amesimama mtu mmoja asiye na hata wa kumvuta jezi. Anadaka, anaingia golini bila haraka. Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya NFL, huanza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo sisi wa huku huuliza alfajiri, macho yakiwa mekundu: mbona yule hakukabwa? Hawa si ndio wanaolipwa mamilioni ya dola kukaba?

Jibu la haraka ni kwamba mlinzi alizubaa. Hata watangazaji hulitoa, maana linatosha kujaza muda hadi tangazo lijalo. Mimi silikubali. Rudisha picha nyuma uitazame polepole, na mara nyingi utakuta yule aliyeachwa kwenye mataa alifanya barabara kile alichofundishwa. Alitazama alipotakiwa kutazama, akakimbilia alipotakiwa kukimbilia, akamwachia mwenzake alipotakiwa kumwachia. Hila nzuri ya karibu na goli haihangaiki na mlinzi mzembe, kwa sababu mzembe hatabiriki. Humtafuta mwenye nidhamu, yule ambaye ukimwonyesha dalili fulani unajua kwa hakika mguu wake utaelekea wapi.

Uwanja unapokwisha

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Katika mchezo huu timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Ikifaulu, inapewa manne mengine, na hivyo hivyo hadi ivuke mstari wa goli. Nyuma ya mstari huo kuna eneo la goli lenye kina cha yadi 10, na ukiuingiza mpira humo umepata tachidauni, yenye pointi sita. Ukishindwa, unaweza kujifariji kwa kuupiga teke mpira upite kati ya milingoti, ukapata pointi tatu.

Yadi 20 za mwisho kabla ya mstari wa goli, kama mita 18 hivi, huitwa ukanda mwekundu. Nyasi zake ni za kijani kama nyingine. Jina linatokana na hatari.

Ungedhani kwamba kadiri unavyolikaribia goli ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi. Mambo ni kinyume chake. Katikati ya uwanja mlinzi ana hofu moja kubwa, kwamba mtu mwenye mbio atampita na kuacha mita hamsini za nyasi tupu mbele yake. Hofu hiyo humfanya arudi nyuma, na anaporudi nyuma anaacha nafasi mbele yake. Mpira ukifika yadi ya 5, hofu hiyo inayeyuka. Kutoka hapo hadi mwisho wa eneo la goli ni yadi 15 tu, hazifiki mita 14, na anayedaka nje ya mstari wa mwisho hajadaka kitu. Mstari ule unakuwa mlinzi wa kumi na mbili, tena asiyechoka na asiyedanganyika. Mwenye mbio kuliko wote naye hana pa kuzikimbilia.

Kitu kimoja tu hakipungui, nacho ni upana. Uwanja una yadi 53 na theluthi moja kutoka ukingo hadi ukingo, karibu mita 49, uwe katikati ya uwanja au mlangoni mwa goli. Ndiyo maana hila nyingi tutakazoziona huishia pembeni, karibu na mstari mweupe wa kando. Nafasi iliyobaki iko huko, na kinachotafutwa ni namna ya kumchelewesha mlinzi hatua mbili asiifikie. Kwa kuwa miguu haiwezi kumpa mshambuliaji hatua hizo, inabidi zipatikane kichwani mwa mlinzi.

Mlinzi anatazama nini

Mtazamaji wa kawaida hufuata mpira. Mlinzi aliyefunzwa hautazami kabisa mwanzoni, kwani akiutazama amekwisha. Anatazama dalili. Kuna kundi la walinzi wa kati, huitwa lainibeka, ambao husimama mita chache nyuma ya mijitu ya mstari wa mbele. Hao huisoma mijitu ya wapinzani wao: ikiinama na kusukuma mbele, mtu anakuja kukimbia na mpira, kwa hiyo songa mbele ukazibe. Ikiinuka na kurudi nyuma, ni pasi, kwa hiyo rudi ukalinde.

Walinzi wa pembeni nao wana kazi ya aina mbili. Wakati mwingine hukaba mtu kwa mtu, kila mmoja na wake, aende chooni amfuate. Wakati mwingine hukaba eneo: kila mmoja ana kipande chake cha nyasi, na yeyote atakayeingia humo ni wake. Wanachozungumza kwa ishara za mikono kabla mpira haujaanza ni kugawana watu: huyu wako, yule wangu, wakivuka tunabadilishana.

Mambo haya hurudiwa mazoezini mpaka jicho na mguu vinawasiliana bila kupitia kichwani. Mlinzi anayesimama kufikiri amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo kocha wa ushambuliaji anakuwa na watu kumi na mmoja ambao anajua watajibu nini kwa kila dalili, na ana wiki nzima ya kutunga dalili za uongo. Uongo wenyewe ni wa namna tatu:

- kuhusu nani anamkaba nani;
- kuhusu kama mpira utakimbizwa au utarushwa;
- kuhusu nani anaruhusiwa kupokea pasi.

Kuna na wa nne ambao kwa kweli ni msongamano zaidi kuliko uongo. Huo tutaufikia mwishoni, kwa sababu ndio ulioniachia mfano ninaoupenda kuliko yote, na ni mfano wa hila iliyoshindwa.

Aliyeondoka akarudi

Tarehe 12 Februari 2023, mjini Glendale katika jimbo la Arizona, Kansas City Chiefs walikutana na Philadelphia Eagles katika Super Bowl. Eagles walikuwa na ulinzi wa kutisha. Katika msimu wa kawaida walikuwa wamewaangusha wapinzani wao chini mara 70 kabla mpira haujarushwa. Wanaosema walifungwa kwa ubutu wanasahau hilo. Mapumziko waliongoza 24 kwa 14.

Ili kuelewa kilichowapata inabidi kwanza kujua kanuni moja. Kabla mpira haujaanzishwa, washambuliaji wote hutulia mahali pao, isipokuwa mmoja, ambaye anaruhusiwa kutembea au kukimbia kuelekea pembeni, mradi asisogee mbele kuelekea mstari wa goli mpira unapoanza. Makocha wanaipenda sana ruhusa hii kwa sababu ni swali wanalomuuliza mlinzi hadharani. Mpokeaji akikatiza kutoka kulia kwenda kushoto na mlinzi wake akamfuata, umejua wanakaba mtu kwa mtu. Asipomfuata, kuna jambo wamekubaliana.

Karibu na goli, kumfuata ni taabu. Mlinzi anayekimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine inabidi apite nyuma ya msitu wa wenzake, na mpokeaji tayari amemwacha hatua tatu. Jibu la busara, ambalo timu nyingi hulifundisha, ni kukabidhiana: mimi nabaki huku, wewe wa upande ule mpokee akifika. Eagles walilifundisha hivyo. Kule Kansas City, kocha Andy Reid na wasaidizi wake walikuwa wameangalia picha za mechi ya Oktoba 2022 ambapo Jamal Agnew wa Jacksonville Jaguars aliwafunga Eagles hao hao kwa kuanza kukatiza na kisha kugeuka. Wakaiweka akilini. Mbinu yao wakaiita Corn Dog, jina la soseji iliyovikwa unga wa mahindi na kuchomekwa kijiti. Reid hajifichi kwamba anapenda kula.

Robo ya nne, mpira uko yadi ya 5. Kadarius Toney anasimama mbali upande wa kulia. Anaanza kukimbia kuingia ndani, kwa mwendo ule ule wa mtu anayetaka kukatiza hadi upande wa pili. Walinzi wanaonyeshana vidole. Wa kulia anaachia, na hesabu ya wote inasogea upande mmoja kumpokea mgeni. Hapo hapo, mpira unapoanzishwa, Toney anakita mguu chini na kurudi alikotoka.

Sasa yuko mikononi mwa nani? Aliyekuwa naye amekwisha kumkabidhi. Aliyekabidhiwa anamsubiri upande ambao hatafika. Ni kama ile siku ya harusi ambapo bibi anatoka kijijini kwa basi, na kaka anajua dada amekwenda kumpokea stendi, dada naye anajua ni kaka. Kila mmoja ana uhakika, kila mmoja ana sababu, na bibi amekaa juu ya furushi lake peke yake. Patrick Mahomes, kwotabaki wa Chiefs, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alitupa mpira mwepesi ambao hata mtoto angeudaka. Toney akaingia golini, na Chiefs wakaongoza kwa mara ya kwanza siku hiyo, 28 kwa 27.

Ungedhani fundisho lilieleweka. Dakika chache baadaye Toney huyo huyo alirudisha mpira uliopigwa mbali na wapinzani, akakimbia nao yadi 65, mbio ndefu kuliko zote za aina hiyo katika historia ya Super Bowl, na Chiefs wakajikuta tena mlangoni. Wakafika yadi ya 4. Safari hii alikuwa Skyy Moore, kijana wa msimu wa kwanza ambaye hakuwahi kufunga tachidauni hata moja katika NFL. Alisimama kushoto. Akaanza kuingia ndani, akageuka, akarudi. Picha ile ile, imegeuzwa kama katika kioo. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Chiefs walishinda 38 kwa 35, na tofauti ya pointi tatu unaweza kujihesabia ilitoka wapi.

Kinachonivutia ni mara ya pili. Kwa nini walinzi hawakurekebisha? Kwa sababu kurekebisha kungewalazimu waiache kanuni yao katikati ya fainali. Kama wangeamua kumng'ang'ania mtu anayetembea, Chiefs wangemvusha kweli, akawaacha kwa mbio. Kanuni ya kukabidhiana ilikuwa sahihi kwa kila mpokeaji aliyekatiza, na mbaya kwa aliyegeuka tu, na hakuna namna ya kujua yupi ni yupi mpaka mguu ukitwe chini.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Februari 2024, Las Vegas, Chiefs walikuwa nyuma 22 kwa 19 dhidi ya San Francisco 49ers katika muda wa nyongeza. Yadi ya 3. Mecole Hardman alisimama kulia, akaanza kuingia ndani, akageuka. Mbinu hii ilikuwa binamu wa ile ya kwanza na jina lake lilikuwa Tom and Jerry, kama paka na panya wa katuni. Zilikuwa zimebaki sekunde tatu katika kipindi kile aliposimama ndani ya eneo la goli na mpira mkononi, peke yake. Hakuna kocha hata mmoja katika ligi nzima ambaye hakuwa ameiona ya Glendale.

Mbio za uongo

Uongo wa pili ni wa zamani zaidi na nitaupitia haraka. Kwotabaki anajifanya kumkabidhi mpira mkimbiaji, mijitu ya mbele inasukuma kana kwamba inafungua njia, lainibeka wanaona dalili yao na kusonga mbele. Kumbe mpira haujatoka mkononi. Nyuma ya lainibeka wanabaki wapokeaji na nyasi.

Uongo huu haufai mpaka kwanza uwe ukweli. Timu isiyoweza kukimbia na mpira haiwezi kumtisha mtu kwa kujifanya inakimbia. Ndiyo maana nauona mfano wa Derrick Henry kuwa bora kuliko mingine. Mnamo Januari 11, 2020, Tennessee Titans walikwenda Baltimore. Henry, mkimbiaji mwenye urefu wa zaidi ya mita 1.90 na mwili wa lori, alikuwa amewakanyaga New England Patriots kwa yadi 182 wiki moja kabla, na usiku huo angemaliza na 195. Wakiwa yadi ya 3, alipewa mpira moja kwa moja bila kupitia kwa kwotabaki, akaelekea kwenye lundo la watu. Kila mlinzi wa Baltimore Ravens alijua la kufanya: wahi, maana huyu haangushwi na mtu mmoja. Walipowahi, Henry aliruka juu na kuurusha mpira kwa Corey Davis aliyekuwa nyuma yao. Pasi yenyewe haikuwa nzuri sana, ilipepesuka. Haikuhitaji kuwa nzuri.

*Kwa kifupi mpaka hapa:* karibu na goli nafasi haipatikani kwa mbio. Hupatikana kwa kumpa mlinzi dalili anayoiamini, akafanya wajibu wake mahali ambapo mpira haupo.

Mtu asiyehesabiwa

Si wachezaji wote kumi na mmoja wa ushambuliaji wanaoruhusiwa kupokea pasi mbele. Mijitu mitano ya katikati ya mstari hairuhusiwi. Ili walinzi na waamuzi wasichanganyikiwe, kanuni za NFL zinatumia namba za jezi: mwenye namba kati ya 50 na 79, kwa mfano, si mpokeaji mpaka aende kwa mwamuzi mkuu, ajitangaze kuwa safari hii atakuwa mpokeaji, na mwamuzi awatangazie walinzi.

Kwa hiyo hila hii inatangazwa kwa kipaza sauti kabla haijafanyika! Na bado inafanya kazi. Mike Vrabel alikuwa lainibeka wa New England Patriots, mtu wa ulinzi kabisa, namba 50. Karibu na goli kocha Bill Belichick alimwingiza upande wa ushambuliaji. Mwamuzi akamtangaza, walinzi wakamsikia, wakaona ni jitu lililoletwa kusukuma. Katika maisha yake yote ya NFL Vrabel alidaka pasi 12, mbili kati ya hizo katika Super Bowl mbili tofauti, na zote 12 zilikuwa tachidauni. Walinzi walisikia tangazo, lakini hawakuliamini kuliko walivyoamini macho yao.

Kujitangaza huku kuliwahi kumdanganya mtu ambaye hakukusudiwa. Mnamo Desemba 30, 2023 katika jimbo la Texas, Detroit Lions walifunga zikiwa zimebaki sekunde 23 na wakawa nyuma ya Dallas Cowboys kwa pointi moja. Badala ya kupiga lile teke la nyongeza linalofuata tachidauni ili wasawazishe, waliamua kujaribu tena kutoka yadi ya 2 ili wapate pointi mbili na ushindi. Walituma mijitu mitatu kumsogelea mwamuzi kwa pamoja, namba 68, 70 na 58, ili Cowboys wasijue ni nani hasa anayejitangaza. Mpokeaji aliyekusudiwa alikuwa Taylor Decker, namba 68. Hila ilifanikiwa mno: Decker alidaka pasi eneo la goli bila kusumbuliwa. Tatizo ni kwamba mwamuzi mwenyewe aliandika namba 70. Pasi ikafutwa kwa kuwa imepokelewa na mtu asiyeruhusiwa, majaribio yaliyofuata yakashindikana, Lions wakapoteza 20 kwa 19. Detroit wanabishana juu ya jambo hili hadi leo, na wana haki. Lakini ukiamua kumchanganya mlinzi kupitia kwa mwamuzi, huna namna ya kuhakikisha kwamba mwamuzi atabaki nje ya mchanganyiko huo.

Mtu asiyehesabiwa kuliko wote ni kwotabaki mwenyewe. Yeye ndiye mrushaji. Nani atamkaba mrushaji asidake? Februari 4, 2018, Minneapolis, Eagles walikuwa wanaongoza Patriots 15 kwa 12, zimebaki sekunde 38 kabla ya mapumziko, jaribio la nne na la mwisho, yadi ya 1. Kocha wa kawaida angepiga teke achukue pointi tatu. Doug Pederson alikubali mbinu iliyoitwa Philly Special.

Nick Foles, kwotabaki, alianza kusogea kulia, karibu na mijitu yake, akionekana kama anayewapa maelekezo ya mwisho. Makwotabaki hufanya hivyo kila wakati. Mlinzi wa Patriots hakuwa na sababu ya kushtuka. Mpira ukaenda moja kwa moja kwa Corey Clement, naye akakimbia kushoto, ulinzi wote ukamfuata. Clement akampa Trey Burton aliyekuwa anakuja upande wa pili, kutoka kushoto kwenda kulia. Burton alikuwa mpokeaji, lakini enzi zake katika Chuo Kikuu cha Florida aliwahi kuchezeshwa kama kwotabaki. Wakati huo Foles alikuwa amesimama kidogo, mikono imelegea, kama mtu ambaye shughuli imemwishia. Kisha akateleza kimya kimya hadi eneo la goli. Burton akamrushia. Eagles walishinda 41 kwa 33, Foles akawa mchezaji wa kwanza kurusha na pia kudaka tachidauni katika Super Bowl moja, na nje ya uwanja wa Philadelphia pakasimamishwa sanamu ya yeye na kocha wake wakizungumza.

Kilichoiuza hila ile ni ule utulivu wa Foles. Angeanza kukimbia mapema sekunde moja tu, mlinzi angemwona. Mapema katika robo ile ile Patriots nao walikuwa wamejaribu kumrushia kwotabaki wao, Tom Brady, na alikuwa peke yake vilevile. Mpira ukamponyoka mikononi.

Hila inapogharimu

Chiefs, wale wale wa Corn Dog, Januari 7, 2023 walikwenda Las Vegas kucheza na Raiders. Karibu na goli walishikana kwenye duara, wakaanza kuzunguka wote kama watoto wa chekechea, kisha wakatawanyika ghafla na kujipanga. Mpira ulianzia kwa Jerick McKinnon, ukaenda kwa Mahomes, ukarushwa upande wa pili kwa Toney, naye akafika golini. Watu walishangilia sana. Kisha kikaonekana kitambaa cha njano cha mwamuzi chini: mmoja wao alikuwa amemshika mlinzi kinyume cha kanuni. Tachidauni ikafutwa. Kadiri hila inavyokuwa na vipande vingi, ndivyo inavyohitaji muda, na kadiri inavyohitaji muda ndivyo mijitu ya mbele inavyolazimika kushikilia wapinzani kwa kucha. Kwa maoni yangu ile ilikuwa ya maonyesho zaidi. Corn Dog haina mbwembwe. Ni mtu mmoja aliyegeuka.

Aliyekataa dalili

Nimeahidi uongo wa nne. Wapokeaji wawili wanasimama karibu karibu, mmoja mbele na mmoja nyuma yake. Mpira unapoanza, wa mbele anakwenda moja kwa moja kwa walinzi, wa nyuma anakatiza ndani akipita mgongoni kwake. Mlinzi wa yule wa nyuma anataka kumfuata lakini njia imezibwa na miili. Kanuni zinaruhusu mgongano ndani ya yadi moja kutoka mpira ulipoanzia. Zaidi ya hapo, kumzuia mlinzi kabla pasi haijadakwa ni kosa la yadi 10. Kwa hiyo wapokeaji hujifunza kugongana kwa bahati mbaya, na waamuzi hujifunza kutoziamini bahati mbaya.

Februari 1, 2015, Glendale, uwanja ule ule ambao Corn Dog ingezaliwa miaka minane baadaye. Seattle Seahawks wako nyuma 28 kwa 24 dhidi ya Patriots, wako yadi ya 1, jaribio la pili, sekunde 26. Wana Marshawn Lynch, mkimbiaji ambaye ulimwengu mzima unajua atapewa mpira. Wanapanga wapokeaji wawili kulia: Jermaine Kearse mbele, Ricardo Lockette nyuma. Kearse amzuie mlinzi, Lockette akatize, Russell Wilson arushe. Hila ya vitabuni.

Mambo mawili yaliivunja. La kwanza ni Brandon Browner, mlinzi mwenye nguvu aliyesimama uso kwa uso na Kearse. Mpira ulipoanza alimkamata kifuani akamganda palepale, kwa hiyo ule ukuta wa miili haukufika ulipotakiwa kufika. Browner alikuwa amewahi kucheza Seattle, na alimwonyesha mwenzake wa nyuma kinachokuja. La pili ni huyo mwenzake, Malcolm Butler, kijana wa msimu wa kwanza kutoka Chuo cha West Alabama ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote katika mgao wa wachezaji wapya. Mazoezini kabla ya fainali alikuwa amepitwa na mbinu hiyo hiyo. Safari hii hakusubiri kuona Lockette anakwenda wapi. Alipouona mpangilio wa wawili wale, alikimbilia mahali ambapo mpira ungetua, akafika kabla ya mpokeaji, akaudaka yeye.

Wengi waliwatukana Seahawks kwa kutompa Lynch mpira. Siungani nao moja kwa moja, kwani kila aliyekuwa uwanjani alimtarajia Lynch, na hiyo ndiyo hali ambayo hila hizi hustawi. Butler ndiye aliyeharibu hesabu, maana aliacha kusoma dalili iliyokuwa mbele yake akaisoma nia iliyo nyuma yake.

Mechi haikuishia hapo, ingawa wengi wanakumbuka hivyo. Patriots walipata mpira kwenye yadi yao ya 1, zimebaki sekunde 20, na hawakuwa na nafasi hata ya Brady kupiga goti kumaliza muda: angeguswa ndani ya eneo lake la goli, Seattle wangepata pointi mbili na mpira juu yake. Brady akasimama nyuma ya mijitu yake, akaanza kuita zile namba za kuanzisha mpira, akabadilisha ghafla mkazo wa sauti bila mpira kuanzishwa. Michael Bennett wa Seattle, aliyefunzwa kuondoka kwa mshtuko wa kwanza, akaondoka. Adhabu ikawa yadi tano mbele, na Brady akapata pa kupigia goti.